Rono hakuwa peke yake

Kila ubishi wa riadha unapozuka hapa Nakuru, iwe kando ya uwanja wa Afraha au ndani ya matatu ya kwenda Njoro, jina la Henry Rono hutajwa peke yake, kana kwamba mtu huyo alishuka kutoka mbinguni akiwa tayari amevaa viatu vya mbio. Tangu alipofariki mjini Nairobi mwezi wa Februari 2024, desturi hiyo imezidi. Sina ugomvi na sifa za marehemu, kwani alizistahili zote na nyingine hatukuwahi kumpa. Ninachokipinga ni upweke tunaomvika. Jambo kubwa kuliko yote katika historia ya vijana wa Bonde la Ufa waliokwenda kukimbia katika vyuo vya Marekani halikuwa mtu mmoja. Lilikuwa jozi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Henry Rono na Samson Kimobwa, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mwaka wa 1976.

Chuo hicho kimo katika mji mdogo wa Pullman, mashariki ya jimbo hilo, katikati ya vilima vya ngano visivyo na mwisho. Mtu wa Njoro au Mau Narok akipelekwa huko wakati wa mavuno angedhani hajaondoka nyumbani, mpaka theluji ianguke. Mkufunzi John Chaplin alikuwa amekwisha kuonja utamu wa Wakenya kabla ya wawili hao kufika. John Ngeno alikuwa akiwasumbua Wamarekani katika mbio ndefu tangu mwanzoni mwa muongo huo, naye Joshua Kimeto akawa bingwa wa vyuo wa mita 5,000. Hiyo nayo ilikuwa jozi ya kutisha, na wapo wazee wanaoitanguliza. Mimi siitangulizi, kwa sababu ushindi wake ulibaki kwa kiasi kikubwa ndani ya mipaka ya vyuo. Ngeno na Kimeto waliufungua mlango. Waliofuata waliung'oa pamoja na bawaba zake.

Tazama mashindano ya mbio za nyika ya vyuo vyote vya Marekani, yaliyofanyika jimboni Texas mwezi wa Novemba 1976. Rono alikuwa wa kwanza, Kimobwa wa pili. Nyuma yao alifika Craig Virgin, aliyekuwa bingwa wa mwaka uliotangulia. Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza, wa chuo kimoja na nchi moja, walimtangulia bingwa mtetezi katika siku kubwa kuliko zote za msimu. Ubingwa wa timu ulikwenda kwa Chuo Kikuu cha Texas El Paso, ambacho nacho kilikuwa kimejaza Wakenya, lakini hilo halipunguzi uzito wa jambo lenyewe.

Wamarekani walilalamika, nao hawakukosa hoja. Rono alizaliwa mwaka wa 1952, kwa hiyo alipoketi darasani kwa mara ya kwanza huko Pullman alikuwa na miaka 24 na alikuwa amekwisha kuwa askari. Kumwita kijana mbele ya mvulana wa miaka 18 aliyetoka shule ya upili kulikuwa ni kuchezea maneno. Naikubali hoja hiyo, ila haituambii mengi. Kimobwa alikuwa wa mwaka wa 1955. Isitoshe, yaliyotokea baadaye hayakuhusu wavulana wa vyuo tena.

Tarehe 30 Juni 1977, mjini Helsinki, Samson Kimobwa alikimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 30.5. Aliivunja rekodi ya dunia ya Mwingereza David Bedford kwa sehemu tu ya sekunde, akawa Mkenya wa kwanza kuishika rekodi ya umbali huo. Naomba msomaji alipime jambo hili taratibu. Kipchoge Keino hakuwahi kuishika. Naftali Temu, aliyetuletea dhahabu ya umbali huo huo kutoka Mexico mwaka wa 1968, hakuwahi kuishika. Aliyeishika ni mwanafunzi asiyetajwa leo hata na watoto wanaofanya mazoezi katika barabara za vumbi za Eldoret, mji alikofia mwaka wa 2013.

Rekodi hiyo haikutimiza mwaka. Zilipobaki siku 19, yaani tarehe 11 Juni 1978 mjini Vienna, ilivunjwa na mwenzake wa chuo. Rono alikimbia dakika 27 na sekunde 22.4. Wakati huo alikuwa katikati ya zile siku 81 ambazo dunia haijazisahau: mita 5,000 mjini Berkeley tarehe 8 Aprili, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji mjini Seattle mwezi wa Mei, kisha Vienna, na hatimaye mita 3,000 mjini Oslo tarehe 27 Juni. Rekodi nne za dunia, mtu mmoja, msimu mmoja. Baadaye mwaka huo huo akashinda mara mbili katika Michezo ya Afrika kule Algiers na mara mbili tena katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton.

Hapo ndipo Kimobwa alipofunikwa. Lakini nauliza: Rono angeamini vipi kwamba rekodi ya mita 10,000 inaweza kufikiwa na mtu anayelala, kula na kusoma mahali anapolala, kula na kusoma yeye, kama asingemwona jirani yake akirudi nayo kutoka Finland? Hili ni wazo langu, sina hati ya kulithibitisha. Hata hivyo, kila aliyewahi kukimbia na mwenzake katika mteremko wa Menengai anajua jinsi mgongo wa rafiki unavyovuta kuliko saa ya mkufunzi.

Wapinzani wangu huleta jozi mbili nyingine. Ya kwanza ni ya Pullman vilevile: Julius Korir na Peter Koech, waliosoma huko katika miaka ya 1980. Korir alitwaa dhahabu ya kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka wa 1984. Koech alipata fedha kule Seoul mwaka wa 1988, nyuma ya Julius Kariuki, mtu wa hapa jirani Nyahururu. Mwaka uliofuata Koech akaivunja rekodi ya Rono ya mbio hizo mjini Stockholm, iliyokuwa imedumu miaka 11. Aliivunja kwa tano ya mia moja ya sekunde! Tukihesabu nishani za Olimpiki, jozi hii inashinda, wala sibishi.

Jozi ya pili ni pacha Charles na Kipkoech Cheruiyot, wanafunzi wa Bradha Colm O'Connell katika shule ya St. Patrick's, Iten, waliokwenda kusoma Mount St. Mary's, Maryland. Mwaka wa 1983 mjini Munich, mmoja aliweka rekodi ya dunia ya vijana ya mita 1,500, mwingine ya mita 5,000. Ni hadithi tamu, na ndugu hawa walikuwa vijana kweli kweli, si kwa jina tu. Lakini yule aliyefika kileleni kutoka shule hiyo na chuo hicho alikuwa Peter Rono, bingwa wa mita 1,500 kule Seoul, ambaye hakuwa mmoja wa pacha hao.

Rono na Kimobwa hawana nishani hata moja ya Olimpiki. Rono alikuwa ameteuliwa kwenda Montreal mwaka wa 1976, Kenya ikasusia kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Mwaka wa 1980 tukasusia Moscow pia. Tanzania ilikwenda Moscow, na Suleiman Nyambui, aliyekuwa akipambana na Rono katika vyuo vya Marekani, alirudi na fedha ya mita 5,000. Kuwanyima hawa wawili nafasi ya kwanza kwa kukosa nishani ni kuwaadhibu kwa uamuzi uliofanywa ofisini na watu wasiokimbia. Ususiaji wa kwanza naona ulikuwa na haki, lakini gharama yake ililipwa na wachache.

Sifa hizi zina upande wa kiza. Mwaka wa 1978, baada ya rekodi zote nne, Rono alimaliza wa 237 katika mbio za nyika za vyuo. Mwaka uliofuata alishinda tena. Kupanda na kushuka huko kulikuwa dalili, na ulevi alioueleza yeye mwenyewe waziwazi ulimfuata kwa miaka mingi ughaibuni, kwenye vibarua vya kuegesha magari na kubeba mizigo. Chuo kilijua kumtoa kwenye kituo cha kuanzia. Nani alikuwa na kazi ya kumwangalia baada ya utepe? Sisi tuliokuwa tukipiga makofi kutoka huku hatukuwa bora zaidi, maana alirudi nyumbani mwaka wa 2019 akiwa mzee.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wakuu wa Chuo Kikuu cha Egerton. Njoro ina ngano kama Pullman, na iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000, jambo ambalo Chaplin hakuwa nalo. Kila mwaka mashindano ya shule za upili ya Bonde la Ufa hutoa wavulana na wasichana wanaowindwa na wakufunzi wa ng'ambo kabla hawajakauka jasho. Wawili tu kati yao, wakiingia pamoja mwaka wa kwanza, wakilipiwa karo, chakula na daktari, na wakiwa na mtu wa kuwauliza habari zao hata siku waliyofika wa 237, wangegharimu kiasi gani?