Mfanyabiashara mbele ya dirisha la viza

Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyealikwa kwenye maonyesho ya biashara Ujerumani huomba viza ya Schengen kwa Euro 90, ada iliyopanda kutoka Euro 80 mwezi Juni 2024, na akinyimwa harejeshewi. Hukata bima isiyopungua Euro 30,000, kisha husubiri siku 15, pengine 45. Jibu linalomuumiza zaidi ni lile la kutiliwa shaka kwamba hatarejea kwao. Mwajiriwa huleta barua ya mwajiri wake. Huyu hujiajiri mwenyewe, na mali yake imo katika shehena iliyo njiani na madeni aliyowaamini wateja kwa mdomo tu.

Hapo ndipo marafiki (nao hawakosekani) humshauri akope fedha azijaze benki kwa wiki moja, au atafute barua ya kughushi. Hiyo ni hadaa, iwe mlaghaiwa ni Mwislamu au si Mwislamu. Tena hati ya kughushi yatosha kumnyima viza, na kumbukumbu za ombi huhifadhiwa miaka 5.

Anayenyimwa hupewa sababu kwa maandishi, na kanuni yao ya mwaka 2009 humpa haki ya kukata rufaa. Wengi huikunja karatasi ile bila kuisoma.