Sura ya Nne: Mashtaka Dhidi ya Hewa

Miongoni mwa dhana zilizonishinda kuzing'oa vichwani mwa wapenzi wa ufundi huu, hakuna iliyo kaidi kama ile isemayo kwamba bodi mbili zikishindwa kupelekeana habari bila waya, sharti hitilafu iwe hewani: ukuta umezuia, simu za majirani zimeingilia, mvua imenyonya mawimbi, au, kwa kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko ninavyotamani, moduli ina pepo. Mwenye itikadi hiyo huielekeza antena mashariki kisha magharibi, huiviringishia karatasi ya alumini, hununua nyingine ndefu zaidi, na hatimaye hutangaza kwamba vifaa vya bei nafuu havina imani. Hewa haina wakili, nami nimejitolea kuitetea.

Nitazungumza juu ya moduli ya nRF24L01+, maana ndiyo iliyoenea mikononi mwa wanafunzi na ndiyo isingiziwayo zaidi. Chipu yake ilibuniwa na Nordic Semiconductor ya Norwei. Hufanya kazi katika masafa ya gigahezi 2.4, na ujumbe wake mmoja hauzidi baiti 32. Nimekusudia kuigawa sura hii mafungu matatu, yaani umeme, nyaya na mapatano, kila fungu likipewa haki yake.

Tuanze na umeme. Chipu yataka volti kati ya 1.9 na 3.6, na ada ni kuipa 3.3; aichomekaye kwenye volti 5 za Arduino Uno huiua, ijapokuwa pini zake za ishara zavumilia 5 pasipo madhara, na kuchanganya mambo hayo mawili ndiko kulikozaa ushauri mwingi wa kupotosha. Irushapo kwa nguvu zake zote hula miliampea 11 na kidogo. Isikilizapo, na hapa wengi hustaajabu, hula zaidi, takriban 13. Udogo wa viwango hivyo ndio umhadaao fundi, kwani mkondo hauji kwa utulivu bali kwa mishindo, na kila mshindo, hasa nyaya zikiwa ndefu na nyembamba, huishusha volti kwa kitambo kifupi ambacho multimita haikioni lakini chipu hukihisi ikapoteza fahamu. Dawa yake ni kapasita ya mikrofaradi 10 hadi 100, ilehemiwe kwenye pini za umeme za moduli yenyewe wala si mwisho wa pili wa waya. Ama moduli yenye kikuza nguvu na antena ya kuskurubu, hiyo hula zaidi ya miliampea 100, ilhali pini ya volti 3.3 ya Uno imewekewa kikomo cha 50. Kwa hiyo yule aliyeinunua ili kuponya mawasiliano yake amejiongezea maradhi yaleyale, mpaka aipatie regyuleta ya peke yake.

Nyaya hazina maneno mengi. Katika Uno, data na mapigo ya saa hupita pini ya 11, 12 na 13. Katika Mega ni 50, 51 na 52, na mwenye kuhama bodi pasipo kuhama pini asimlaumu mtu. Iamuru programu ichapishe rejista za chipu: zikitoka zote 00 au zote FF, bodi haijapata hata kusemezana na moduli iliyo sentimita kumi mbele yake, na kuichunguza moduli ya ng'ambo ni kupoteza wakati. Wala bodi mbili hazihitaji waya wa ardhi baina yao. Adaiye hivyo ataka mawasiliano bila waya kwa kutumia waya.

Mapatano ni kwamba pande zote mbili ziwe na chaneli moja, kasi moja, anwani moja na urefu mmoja wa ujumbe. Ningaliishia hapo, lau si kisa kimoja nikipendacho mno.

Uno imewekwa bandani mwa kuku, na ESP32 sebuleni. Kila ujumbe una vitu viwili vilivyofungwa pamoja: namba ya kipimo, ambayo ni baiti moja, na joto lililozidishwa kwa kumi, lililoandikwa kwa aina ya int. Ujumbe wafika, namba zapanda moja, mbili, tatu bila kuruka, lakini joto ni sifuri asubuhi, sifuri adhuhuri, sifuri usiku. Mwenye kuku hubadili kipimajoto, likawa sifuri. Huhamisha antena, likawa sifuri. Ndipo huishtaki hewa. Hewa yaweza kuupoteza ujumbe, lakini kuugeuza ni nadra mno, kwa sababu kila ujumbe hubeba hesabu ya kujihakiki, na chipu huutupa ule ambao hesabu yake haikubali. Na hata kama ingaliugeuza, ingalipata wapi busara ya kuharibu joto kila mara na kuiacha namba salama?

Na tuhesabu. Joto la nyuzi 28.5 ni 285, nalo katika Uno, ambayo int yake ina baiti mbili na baiti ndogo hutangulia, huandikwa 29 kisha 1, kwa kuwa 256 na 29 ni 285. Ujumbe basi ni baiti tatu: namba, 29, 1; zilizosalia hadi 32 hujazwa sifuri na maktaba ya RF24 kwa mpangilio wake wa kawaida. ESP32 nayo hutanguliza baiti ndogo, lakini int yake ina baiti nne, na kompaila yake hutaka namba ya baiti nne ianzie mahali panapogawanyika kwa nne, kwa hiyo huacha nafasi ya baiti tatu baada ya namba ya kipimo. Huisoma namba sawasawa, huipita 29 na 1 kama uwanja mtupu, hutua juu ya sifuri za kujazia, na kuziripoti kwa uaminifu mkubwa. Ukibadili aina tu, ukaandika int16_t pande zote, nafasi hupungua ikawa baiti moja, na joto huganda kwenye 1, mradi banda liko kati ya nyuzi 25.6 na 51.1; ndipo utasikia wakisema kipimajoto kimeanza kupona. Sharti uamuru pia muundo ufungwe pasipo nafasi, au, jambo nilipendalo zaidi, uzipange baiti kwa mkono wako moja moja.

Kisa kimekula karatasi niliyoitengea stakabadhi, yaani jibu la mpokeaji kwamba ujumbe umefika, basi itoshe kusema kwamba mrushaji akiripoti kushindwa, haimaanishi ujumbe haukufika. Yumkini umefika, na stakabadhi ya mpokeaji ndiyo iliyopotea njiani. Mtazame mpokeaji kabla ya kumwamini mrushaji.

Hewa nayo ina makosa yake machache. Wi-Fi hushiriki masafa hayahaya, na namba ya chaneli ya moduli hujumlishwa na megahezi 2400, hata chaneli 76 ikawa 2476, juu kidogo ya chaneli ya 11 ya Wi-Fi. Siku hizi umezuka mtindo wa kushauri watu wakimbilie chaneli 110, ambayo ni megahezi 2510, nje ya mkanda wa 2400 hadi 2500 uliotengwa kimataifa kwa viwanda, sayansi na tiba. Huko ni kuingia shamba la mwenziwe. Na moduli zenye kikuza nguvu usizijaribu zikiwa zimebanana mezani, kwani mpokeaji huzibwa masikio na kishindo cha jirani yake: zitenganishe mita mbili au tatu, ushushe nguvu ya kurusha hadi daraja la chini, kisha uanze.