Gari likisimama mbele ya geti la shule, mtoto haonekani

Kila shule zinapofunguliwa Januari, malalamiko yanayoingia studio kuhusu barabara huwa yanafanana. Mzazi anasema bodaboda wanakimbiza. Dereva wa bodaboda anasema magari yameziba njia. Jirani wa shule, ambaye pengine hana hata mtoto pale, anasema asubuhi hawezi kutoka kwake kwa sababu kuna Noah imeegeshwa mlangoni. Siku akiwa na mgonjwa itakuwaje? Wote watatu wanasema kweli.

Zamani hii ilikuwa kero ya mijini. Siku hizi iko mpaka kwenye makao makuu ya kata. Shule imezungukwa na nyumba, barabara ni nyembamba, na saa 1 asubuhi vyombo vyote vinafika kwa mkupuo.

Watu wengi wakisikia hatari ya barabarani wanafikiria mwendo, na mwendo kweli unaua. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo kwenye maeneo ya makazi hapa Tanzania, linapita karibu mita 14 kila sekunde. Kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki, mita hizo zimeshakwisha. Likienda kilomita 30 ni mita 8 hivi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kilomita 30 mahali wanapotembea watoto.

Lakini mbele ya geti la shule kuna hatari nyingine, nayo inaletwa na gari lililosimama. Mtoto wa darasa la kwanza akiwa nyuma ya Noah au Hiace, dereva anayekuja hamwoni. Naye mtoto haoni kinachokuja. Anachungulia kwa kutoa mwili mzima, na hapo tayari yuko katikati ya barabara. Mtoto wa umri huo pia hajaweza kupima vizuri kasi ya chombo kinachomjia. Kumwambia "angalia kushoto na kulia" hakutoshi ikiwa kushoto kuna gari na kulia kuna gari.

Hapa tuseme wazi: lawama nyingi huangukia bodaboda, na wapo wanaostahili, hasa wanaobeba watoto watatu kwenye pikipiki moja. Ila anayeziba geti mara nyingi ni mzazi mwenye gari lake, anayetaka mwanawe ashuke hatua mbili kutoka mlangoni. Anamlinda wa kwake na kuwaficha watoto wa wenzake.

Dawa ya kwanza basi ni kuhamisha mahali pa kushushia. Mbele ya geti pabaki wazi, pasisimame chombo chochote, na wote washushie watoto mita 100 au 200 kabla ya kufika. Tafuteni eneo la wazi: uwanja, kiwanja cha kanisa au msikiti kwa makubaliano, au mbele ya ofisi ya kijiji. Kutoka hapo watoto watembee kwa kundi, upande mmoja wa barabara, wakiwa na mwalimu wa zamu au mzazi. Mawe yaliyopakwa chokaa yanatosha kutenga njia yao. Bodaboda nao wapewe sehemu yao ya kusubiri wakati wa kutoka, tena washirikishwe kuichagua. Wakifukuzwa tu bila kupewa pa kwenda, kesho yake watarudi.

Kama barabara inazunguka, kubalianeni waingilie huku watokee kule, ili mtu asirudi nyuma kwa rivasi kati ya watoto. Mtoto ashukie kushoto, upande wa shule. Ukilazimika kusimama upande wa pili, shuka wewe umvushe.

Mambo haya yamejaribiwa hapa hapa nchini. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend liliendesha mpango uitwao SARSAI kwenye maeneo ya shule za msingi. Waliangalia wanafunzi wanapita wapi, kisha wakaweka matuta, vivuko, njia za miguu na vizuizi vya kuzuia magari. Kuna shule zilizohamishiwa geti mbali na barabara yenye magari mengi. Utafiti ulipolinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na ambazo bado, majeruhi walikuwa wamepungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross, ya dola 250,000.

Matuta msijijengee wenyewe. Tuta la udongo au la gogo lisilo na alama humwangusha mwendesha pikipiki usiku. Barabara za wilaya, mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Kamati ya shule iandike barua, ipitie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha kata, ndipo iende kwa meneja wa wilaya. Nakala apewe trafiki. Na hapa simu yako ina kazi: piga picha mahali pale pale, asubuhi na wakati wa kutoka, kwa siku tatu. Andikeni idadi ya wanafunzi na mahali hasa wanapovukia. Barua yenye picha ni vigumu kuambiwa "tutaangalia".

Utaratibu wa kuegesha unaweza kupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu. Mkitaka uwe na faini, halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo, na haitatumika mpaka iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Majirani wa shule waalikwe pia. Mara nyingi wao ndio wanaojua ni saa ngapi na kona ipi mtoto huponea chupuchupu.

Na kwa kijiji ambacho sasa hivi kinachangishana kujenga shule mpya, kabla msingi haujachimbwa, angalieni ramani geti linaelekea wapi. Likielekea njia ya pembeni badala ya barabara ya magari, na likiachiwa uwanja mbele yake, nusu ya kazi tuliyoieleza hapa haitahitajika.