Mianga ya Hessdalen: jicho limeona, kifaa kimepima

Wazazi na wanafunzi wetu, mtoto akisema ameona kitu cha ajabu angani, sisi wakubwa ama humcheka ama humtisha kwa habari za majini. Katika bonde la Hessdalen, katikati ya Norwei, watu walifanya jambo jingine: walikwenda kupima.

Kuanzia Desemba 1981 wakazi wachache wa bonde hilo waliona mianga ikielea usiku, myeupe au ya manjano. Kuna kipindi ilionekana hadi mara 20 kwa wiki. Mwaka 1983 Erling Strand na wenzake walianzisha Mradi wa Hessdalen, na mapema 1984 wakapiga kambi kwenye theluji wakiwa na kamera, rada, leza, kipima tetemeko na kifaa cha kupima usumaku.

Vifaa vyote hivyo vya nini? Tatizo ni kwamba gizani jicho halijui umbali. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huonekana sawasawa. Anayesema "kilikuwa kikubwa kama nyumba" hasemi uongo, ila hicho hawezi kukijua. Kamera mbili zikipiga picha kwa wakati mmoja kutoka sehemu mbili tofauti, umbali unapatikana kwa hesabu ya pembetatu, ile ile mnayofundishwa shuleni. Kioo maalumu mbele ya lenzi huutawanya mwanga kama upinde wa mvua, na gesi inayong'aa huacha mistari ya rangi zake yenyewe. Rada hutuma mawimbi na kusubiri yarudi, kama mwangwi.

Baadhi ya mianga iliyoripotiwa Hessdalen ilikuwa taa za magari, ndege au nyota. Mingine haijapatiwa jibu ambalo wanasayansi wote wanakubaliana nalo. Wapo wanaotaja vumbi na gesi, wapo wanaotaja umeme unaotokana na miamba. Tangu 1998 kituo chenye kamera zinazojiendesha kinalitazama bonde hilo. Lakini bila wanakijiji kusema walichokiona, nani angejua kamera zielekezwe wapi?

Basi mtoto wako akiona kitu, mpe karatasi kabla hajasimuliana na ndugu zake, maana masimulizi yakishachanganyika hayatenganishwi tena. Aandike saa, upande wa dira, muda kilichokaa, na urefu wake kutoka upeo wa macho: mkono ukinyooshwa, ngumi moja ni kama nyuzi 10. Achore kwanza, majina baadaye. Na kama mwanga umetulia upande wa magharibi baada ya jua kuzama, unang'aa kuliko nyota zote na hausogei haraka, anzeni na Zuhura.