Mirija Viwandani: Jinsi Umeme Unavyofichua Kutu Kabla Mrija Haujavuja

Wakaazi wanaofanya kazi viwandani na katika hoteli kubwa humu kaunti huenda wanaujua mtambo huu kwa sura, hata kama hawaujui kwa jina. Ni pipa refu la chuma lenye mamia, wakati mwingine maelfu, ya mirija myembamba ndani yake. Maji hupita ndani ya mirija, na mvuke au gesi ya kupoza hupita nje. Joto huvuka ukuta wa mrija, lakini vitu hivyo viwili havichanganyiki. Mtambo huu ni kibadilisha joto.

Mirija hiyo hupatikana katika mitambo mikubwa ya kupoza hewa hotelini na pia katika viwanda vya sukari. Msambweni, kiwanda cha Kwale International Sugar Company (KISCOL) kilijengwa pamoja na mtambo wa umeme wa megawati 18 unaotumia makapi ya miwa. Katika viwanda vya aina hii, mvuke wa boila huendesha mitambo na pia huchemsha maji ya miwa hadi yawe mazito. Mvuke ukishapoa hugeuka maji, na maji hayo hurudishwa kwenye boila.

Hatari iko hapo. Mrija ukitoboka, sukari inaweza kuingia katika maji hayo. Sukari ikifika ndani ya boila huvunjika kwa joto na kutoa asidi, nayo asidi hula chuma. Tundu dogo lisiloonekana laweza kusimamisha kiwanda wakati wa msimu, miwa ikibaki shambani, au kuhatarisha wafanyakazi walio karibu na boila.

Umeme unaona vipi?

Mrija mrefu na mwembamba hauwezi kukaguliwa wote kwa macho. Kwa hivyo wakaguzi hutumia kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: sumaku inayobadilikabadilika huzalisha umeme ndani ya metali iliyo karibu nayo.

Kichunguzi chenye nyaya nyembamba zilizosokotwa huingizwa ndani ya mrija. Umeme unaobadilika mwelekeo hupitishwa katika nyaya hizo, na ukuta wa mrija nao hupata mikondo midogo ya umeme inayozunguka kama maji yanavyozunguka mkondoni. Ukuta ukiwa mzima, mikondo huenda sawasawa. Ikikuta shimo, ufa au mahali palipolika, hulazimika kukwepa. Mabadiliko hayo hurudi kwenye nyaya na kuchorwa kwenye skrini. Kwa kusoma umbo na pembe ya mchoro, mkaguzi hukadiria kina cha dosari na hutambua kama iko ndani au nje ya mrija.

Kabla ya kazi, kifaa hupimwa kwa mrija wa mfano uliotobolewa kwa vina vinavyojulikana, ili mchoro ulinganishwe na kitu cha uhakika.

Faida ya mashine

Katika ukaguzi wa mkono, fundi husukuma kichunguzi na kukivuta mwenyewe. Akichoka, mwendo hubadilika, na mrija mmoja unaweza kurukwa. Mashine huvuta kwa mwendo uleule, hurekodi mahali pa kila alama na huonyesha kwenye ramani ni mirija ipi imekaguliwa. Programu huchagua alama za kutiliwa shaka, kisha mkaguzi aliyehitimu huamua. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9712 kina ngazi tatu za kuhitimu.

Kumbukumbu hizo zina thamani kubwa. Chukulia mrija uliopoteza asilimia 20 ya unene mwaka jana na asilimia 35 mwaka huu. Ukiendelea hivyo, mwakani utafika asilimia 50. Mhandisi anaweza kuuziba pande zote mbili au kuubadilisha kabla haujatoboka, wakati mitambo imezimwa kwa matengenezo.

Kisichoonekana

Njia hii ina mipaka. Hufaa zaidi kwa shaba, titani na chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida, kinachotumiwa sana katika mirija ya boila, huvutwa na sumaku na huvuruga kipimo, hivyo huhitaji njia nyingine kama mawimbi ya sauti. Kichunguzi cha kawaida pia chaweza kukosa ufa unaouzunguka mrija kama pete. Mirija nayo lazima isafishwe kwanza, kwani uchafu huzuia kichunguzi kupita.

Haki ya mfanyakazi

Ukaguzi wa mirija hauchukui nafasi ya ukaguzi wa kisheria. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, boila ya mvuke hukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12.

Sheria hiyo pia inamtaka mfanyakazi anayeona hatari kubwa au ya karibu kumjulisha msimamizi wake mara moja. Mwajiri hawezi kumlazimisha arudi mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Kwa hivyo ukiona mvuke unavuja, maji yamebadilika rangi au kipimo cha shinikizo kinapanda na kushuka bila sababu, toa taarifa siku hiyohiyo. Mashine hukagua mitambo inapozimwa. Siku nyingine zote, anayekuwa karibu nayo ni mfanyakazi.