Usiuze Hiyo Lapi Nzee: Igeuze Seva Yako ya Kuunda Tovuti

Uko na lapi ya mtumba, Windows imeizidi, na unataka kujifunza kuunda tovuti zenye zinalipa? Hauhitaji ganji ya seva. Iko hapo mezani.

Kwanza weka Ubuntu, mfumo wa Linux wenye ulitoka 2004. Ni wa bure. Kama mashine imechoka kabisa, chukua Lubuntu, ndugu yake mwepesi. Lakini kabla uanze, hamisha picha na kazi zako kwa flashi. Ukikubali kufuta diski, hakuna kurudi.

Ukishaingia, washa intaneti, fungua terminali na uandike:

sudo apt update
sudo apt install apache2 mariadb-server php libapache2-mod-php php-mysql

Umeitisha nini? Fikiria kibanda cha chakula. Apache ni weita, anachukua oda na kuleta sahani. PHP ni mpishi. MariaDB ni stoo ya unga na maharagwe. Kibanda chote kiko ndani ya lapi.

Fungua brauza, andika localhost. Ukiona ukurasa wa Apache, uko fiti.

Faili zako zitakaa kwa /var/www/html, lakini hiyo folda ni ya root, utakataliwa kuandika. Ichukue:

sudo chown -R $USER /var/www/html

Hapa ndio wengi hukwama: unaandika index.php, unafungua tena localhost, na bado ni ule ukurasa wa Apache. Haujakosea. Weita ameambiwa atafute index.html kwanza. Ifute, maneno kwisha.

Ngori ya pili ni databesi. PHP ikijaribu kuingia kama root, itafungiwa mlango. Usipigane nayo. Andika sudo mariadb, kisha utengeneze akaunti ya kazi:

CREATE DATABASE duka;
CREATE USER 'fundi'@'localhost' IDENTIFIED BY 'siri_yako';
GRANT ALL ON duka.* TO 'fundi'@'localhost';

Sasa zima bando. Localhost haili data, so kosea usiku kucha, hakuna mtu ataona. Na siku mteja atauliza, "Umewahi kuunda nini?" hautaanza kujieleza. Utafungua tu lapi, umwonyeshe.