Baridi ya ugenini na jiko la nyumbani

Mwezi wa Disemba mwaka wa 2022 ulinikuta Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, ambako nilikuwa nimekwenda kwa utafiti wa muhula mmoja. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule katika ghorofa ya tatu ya jumba kongwe la mawe, la aina iliyojengwa enzi za Malkia Victoria, lenye dari ya juu sana na madirisha mapana yanayopandishwa na kushushwa kwa kamba. Majumba hayo yanapendeza mno kuyatazama. Kulala ndani yake wakati wa baridi ni habari nyingine, na msomaji ataniwia radhi nikisema kwamba aliyeyasanifu hakuwa akilipa bili ya gesi.

Katika juma la pili la mwezi huo baridi kali iliivamia nchi nzima. Katika kijiji cha Braemar, kaskazini mwa mji huo, kipimajoto kiliteremka hadi nyuzi 17.3 chini ya sifuri. Mjini hatukufikia kiwango hicho, walakini barabara ziliteleza kwa jalidi, na jua, ambalo msimu huo huchomoza karibu saa tatu za asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi za alasiri, lilikuwa pambo tu. Usiku mmoja wa juma hilo, boila ikazimika.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajaishi katika nchi za baridi, boila ni mtambo wa gesi, ukubwa wake kama kabati la vyombo, ambao hupasha maji moto na kuyasukuma kupitia mabomba hadi kwenye vyuma vipana vilivyotundikwa ukutani katika kila chumba. Vyuma hivyo ndivyo vitoavyo joto. Maji ya kuogea nayo hutoka humo humo. Mtambo ni mmoja, na ukifa, nyumba nzima hufa ganzi.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi mstaafu aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alinielekeza kwanza nikalitazame bomba jembamba la plastiki linalotokeza nje ya ukuta. Boila za kisasa hutiririsha maji machache yatokanayo na mvuke unaopoa, na maji hayo yakigandia bombani mtambo hujizima. Dawa yake ni kulimwagia bomba maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka hayafai, kwani huweza kulipasua. Nilijinyoosha dirishani na birika mkononi kama mtu anayemwagilia bustani ya hewani, nikamwaga, nikangoja. Mtambo haukujibu. Sheria ya huko hairuhusu fundi asiye katika sajili ya mafundi wa gesi kuufungua, kwa hiyo niliipigia simu ofisi ya wakala wa mwenye nyumba. Fundi alikuja kesho yake, akautazama, akasema kipepeo cha ndani kimevunjika na kipuri kitapatikana baada ya siku tisa. Wakala aliniomba radhi kwa barua ndefu yenye sarufi safi kabisa. Hita hakuniletea.

Saa yangu ya mezani ilikuwa na kipimajoto kidogo. Asubuhi ya pili kilionyesha nyuzi 9 sebuleni. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2018 kwamba katika nchi za baridi joto la ndani ya nyumba lisipungue nyuzi 18. Nilikuwa nusu ya njia.

Hapa naomba walimu wa fizikia wanisahihishe nikipotoka. Hita ya umeme ya kilowati 2 ikiwaka kwa saa kumi hutumia yuniti 20. Majira hayo bei iliyowekwa na serikali ya Uingereza ilikuwa takribani peni 34 kwa yuniti ya umeme, ilhali gesi ilikuwa peni 10 na kitu. Hita moja, basi, ingenila paundi 6 na peni 80 kwa siku, na paundi 61 kwa siku tisa, tena kwa kupasha chumba kimoja ambacho joto lake hukwea darini na kukaa huko juu pasipo mtu. Nyumba yangu ilikuwa na mita ya kulipia kabla, dada yake tokeni zetu za Kenya, na kila mwenye kuishi kwa tokeni anajua jinsi jicho linavyozoea kuitazama ile namba ikipungua.

Nilikwenda dukani. Muuzaji alinisifia hita moja pana yenye mafuta ndani, akasema kwamba inaokoa umeme kuliko ile ndogo yenye feni. Mimi si mwanafizikia, lakini kauli za wauza bidhaa ni sehemu ya kazi yangu, na kauli hiyo ina hila. Hita zote za umeme za kuchomeka ukutani hugeuza umeme wote kuwa joto. Yuniti moja hutoa joto lile lile, iwe ndani ya mafuta au mbele ya feni. Tofauti ni kwamba yenye mafuta hupoa polepole na haipigi kelele, na yenye feni hukufikia upesi. Ukitaka kuokoa umeme, tafuta yenye swichi ya kujizima chumba kikifikia joto ulilotaka. Nilinunua ndogo, ya bei nafuu, yenye swichi hiyo.

Hata hivyo, aliyeniokoa ni yule mwalimu mstaafu. Aliingia kwangu, akatazama, akatikisa kichwa kama anayesahihisha insha mbovu. Alinihamisha kutoka sebuleni hadi chumba kidogo cha kulala kilichoelekea kusini, kwa kuwa huko jua la msimu huo hukaa upande wa kusini siku nzima. Alinipa taulo kuukuu la kukunja na kuziba ufa wa chini ya mlango. Alinishonea pindo la blanketi zito nikalitundika juu ya pazia, na akaniamuru nilishushe jua linapozama. Mfereji wa jikoni aliuacha ukidondosha maji usiku ili bomba lisigande. Kisha akanipa vitu viwili: blanketi la umeme la kutandika kitandani na mfuko wa mpira wa kutia maji ya moto. Blanketi hilo hutumia wati 100 tu. Ukiliwasha kwa saa nane unatumia yuniti 0.8, yaani peni 27. Mfuko wa mpira wa lita mbili ni nafuu zaidi: kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 10 hadi 80 huhitaji yuniti 0.16, na kuukumbatia chini ya blanketi ni joto la saa kadhaa kwa peni 6 hivi. Sharti tu maji yasiwe yanatokota, na mpira usiwe umepasuka-pasuka kwa ukongwe.

Rahisi ilivyo, siri yake ni kumpasha mtu badala ya nyumba. Na hapo nilishangaa, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuniambia hayo tangu utotoni nami nisisikie. Sisi husema mtu anaota moto. Kitenzi hiki hakikubali nyumba kuwa mtendaji wala mtendwa: nyumba haioti, wala hakuna aiotaye nyumba. Chumba hupashwa joto. Aotaye ni mtu, na jua likiwapo huota jua vile vile. Lugha iliyozaliwa penye moto wa mafiga haikuwa na haja ya kupasha dari.

Jioni ya siku ya tatu nilimpigia mama simu. Mama anaishi Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, mahali palipo zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi haihitaji kuelezwa kwake. Nilimsimulia masaibu ya boila. Alisikiliza, kisha akasema kwa lugha yetu ya nyumbani, "Na wewe mwanangu, huko kote hakuna jiko? Liwashe nje, moshi ukiisha liingize ndani ulale nalo. Mimi hufanya hivyo kila usiku Julai ikifika."

Nilikuwa nimesimama jikoni. Juu ya kichwa changu, ukutani, kulikuwa na king'ora kidogo cheupe. Tangu Februari mwaka huo sheria ya Scotland iliitaka kila nyumba yenye mtambo wa kuchoma gesi, makaa au kuni iwe nacho. Kazi yake ni kunusa gesi ambayo pua ya binadamu haiinusi. Nilikuwa nimekipita kila siku bila kukitazama.

Makaa yanapoungua, kaboni huungana na oksijeni. Hewa isipotosha, muungano huo haukamiliki, na inayotoka ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikivutwa huingia damuni na kushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu huzunguka mwilini ikiwa imebeba abiria asiyefaa. Aliye macho huumwa kichwa, hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, viungo hulegea. Aliyelala hata hayo hayasikii. La kutisha zaidi ni kwamba makaa yaliyokolea vizuri, mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo, huitoa gesi hiyo kwa wingi.

Sasa turudi kwenye maneno. Kila mwaka miezi ya baridi ikifika, magazeti yetu hutangaza misiba ya watu waliolala na jiko, na aghalabu huandikwa kwamba marehemu walivuta moshi. Neno hilo ni kosa, tena kosa linaloua. Moshi huonekana, hunuka, hukohoza. Msomaji akiambiwa kwamba moshi ndio uliowaua wenzake, atafanya lile ambalo mtu mwenye akili timamu angelifanya: atangoja moshi uishe, ndipo aliingize jiko. Mama hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa ameisikia habari, akaifuata sawasawa kama ilivyoandikwa.

Fauka ya hayo, sisi tulio vyuoni tuna lawama yetu. Tumekaa katika makongamano tukibishana kama iwe monoksidi ya kaboni au kaboni monoksaidi, nami ni miongoni mwa waliobisha, ilhali hakuna mama wa Kinangop wala mwanafunzi aliyepanga chumba cha mabati Limuru atakayemwonya mwenzake kwa istilahi yenye silabi nyingi namna hiyo. Onyo huhitaji jina fupi.

Nilimwambia mama usiku ule ule alitoe jiko. Alicheka, akaniuliza kama nilitaka afe kwa baridi badala yake. Swali lilikuwa la haki, na sikuwa na jibu la kumpa kwa simu. Kumkataza mtu moto bila kumpa joto ni kumwongezea maneno tu.

Boila yangu ilitengenezwa siku ya kumi na moja, si ya tisa. Nilirejea nyumbani mwaka uliofuata, na Julai ya 2023 nikapanda Kinangop na mifuko miwili ya mpira niliyoinunua katika duka la dawa mjini. Nyumba ya mama ni ya mbao na paa la mabati. Nilikuta nyufa zote zimezibwa kwa magunia na karatasi za magazeti, kazi nadhifu ambayo ingemfurahisha jirani yangu wa Edinburgh, isipokuwa katikati ya chumba palikuwa na jiko. Kuziba nyufa ni sahihi penye hita ya umeme au mfuko wa maji. Penye makaa ni kujifungia pamoja na muuaji.

Hita ya umeme tuliizungumza tukaiacha; nyaya za nyumba ile ni nyembamba na tokeni si za mchezo. Mfuko wa mpira mama aliukataa katakata. "Nilale na chupa kama mtoto mchanga?" Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tulifikia mapatano yafuatayo: jiko litumike jioni jikoni, mlango ukiwa wazi, na makaa yakianza kufifia sufuria ya maji iwekwe juu yake, maji yakipata moto yatiwe mfukoni, mfuko uvikwe soksi nzito na kutangulia kitandani nusu saa kabla ya mwenyewe, kisha jiko lilale nje. Moto ni ule ule na makaa ni yale yale, hakuna shilingi iliyoongezeka. Blanketi la pili, la sufi, nililipeleka Agosti.

Siku mbili baadaye majirani watatu walikuja kunisalimu. Mama aliwasimulia habari ya ile hewa isiyoonekana, akiwa ameongeza chumvi kidogo, na mimi nikaeleza yaliyosalia. Mmoja wao, mzee ambaye mjukuu wake alikuwa karibu kwenda kupanga chumba Njoro kwa ajili ya masomo, aliniuliza hewa hiyo inaitwaje ili akamwonye kijana. Wote walinigeukia, maana mimi ndiye niliyesomea maneno. Nilianza kutamka ile istilahi ya makongamano, nikakomea katikati.

"Sumu ya makaa," nikasema.

Mzee alilikariri jina hilo mara mbili. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mama aliinuka, akachukua vitambaa viwili vya kushikia, akalibeba jiko kulipeleka nje.